Nina baiskeli ya milimani na London haina milima: niende wapi?

Dada mmoja wa Mile End, mashariki mwa London, ameniandikia hivi:

"Assalam alaikum. Nina miaka 41, mzaliwa wa Tanga. Baiskeli naijua tangu utotoni, lakini ile ya kwendea sokoni na chuoni. Nimenunua baiskeli ya milimani ya mitumba, ina matairi mapana na shokapu za mbele. Jirani mmoja ananiambia nifuate mfereji mpaka nitokee msitu wa Epping. Mwingine anasema kando ya mfereji ni kwa waenda kwa miguu tu, nitapigwa faini. Je, naruhusiwa? Nipite wapi? Baiskeli yenyewe inafaa? Na ni salama kwa mwanamke wa peke yake, tena mwenye hijabu?"

Waalaikum salaam, dada yangu. Jirani wa kwanza kasema kweli. Wa pili kachanganya mambo mawili, na wanaochanganya hivyo ni wengi, kwa hiyo tulimalize kwanza hili la sheria.

Njia za umma za mashambani huku Uingereza ni za aina mbalimbali. Ipo njia ya miguu, ambayo kibao chake kina mshale wa manjano. Hapo baiskeli haina haki ya kupita. Ipo njia ya farasi, yenye mshale wa buluu. Hapo tangu sheria ya mwaka 1968 mwenye baiskeli anaruhusiwa, kwa sharti kwamba awapishe waenda kwa miguu na wapanda farasi. Njia ya kando ya mfereji ni jambo jingine. Kwa sehemu kubwa iko mikononi mwa shirika la hisani linaloitwa Canal & River Trust, lililokabidhiwa mifereji mwaka 2012, nalo linaruhusu baiskeli. Zamani ulitakiwa uwe na kibali, siku hizi hakitakiwi. Kwa hiyo hakuna wa kukupiga faini kwa kupita tu. Lakini hiyo ni ruhusa ya mwenyeji, na mwenyeji kasema wazi kwamba kipaumbele ni cha anayetembea. Ukikuta mama na kigari cha mtoto, wewe ndiye unayesimama.

Sasa nikwambie jambo ambalo wanaonunua baiskeli kama yako huchelewa kulielewa. Mfereji na msitu ni safari mbili tofauti, ingawa unazifanya siku moja kwa baiskeli moja. Mfereji ni wa kukufikisha: tambarare kabisa, mwembamba, umejaa watu. Msitu ndio wa kuchezea. Anayetafuta raha ya baiskeli ya milimani kando ya mfereji ataishia kuwatisha wazee, na siku moja ataoga.

Kuoga huko hakuhitaji ujinga mwingi. Njia hii ilitengenezwa kwa ajili ya farasi. Mfereji wa Regent's, huo unaopita ubavuni mwa Mile End Park, ulikamilika mwaka 1820. Una urefu wa kilomita 14 hivi, kutoka Little Venice hadi Limehouse, na matishari yake yalivutwa na farasi kwa kamba ndefu. Farasi mmoja na mtu wa kumwongoza, huo ndio upana waliopimia. Ukipita chini ya madaraja ya zamani, angalia kwenye kona zake: utaona mifuo iliyozama ndani ya chuma, pale kamba zilizolowa na kushika mchanga zilipokuwa zikisugua mwaka hadi mwaka. Kule upande wa Regent's Park kuna daraja, Macclesfield Bridge, ambalo Oktoba 1874 tishari lenye baruti lililipuka chini yake na kulibomoa lote. Walipolijenga upya walizitumia nguzo zilezile za chuma ila wakazigeuza, ndiyo maana leo zina mifuo ya kamba pande zote mbili. Hilo liko mbali na kwako na halimo katika safari hii, lakini siku ukielekea magharibi lisikupite.

Hatari kubwa ya mferejini iko chini ya madaraja hayohayo. Njia inapinda, inabanana, na tao linainama upande wa ukuta kiasi kwamba mwendeshaji husogea majini bila kujijua ili kukwepesha kichwa. Anayekuja upande wa pili humwoni. Fanya hivi: kabla hujaingia acha kukanyaga pedali, piga kengele mara mbili, weka vidole kwenye breki, halafu tazama majini. Mara nyingi sura ya mtu anayekuja huonekana juu ya maji kabla mwenyewe hajatokeza. Ukimwona, simama nje umpishe. Na ukisimama, mguu wa kuweka chini ni ule wa upande wa ukuta. Ninaowajua walioanguka mferejini, wengi walikuwa wamesimama kabisa. Walitupa mguu upande wa maji, chini wakakuta hewa.

Mengine ya huko ni madogo madogo. Karibu na loki, yale mageti ya kupandishia na kushushia boti, sakafu ya mteremko ina mistari ya matofali yaliyoinuliwa ili kwato za farasi zisiteleze. Farasi zilimsaidia; tairi lililolowa zinaliyumbisha, kwa hiyo zivuke moja kwa moja bila kukata kona. Boti zilizotia nanga zimefungwa kwa kamba na vigingi vya chuma ukingoni kabisa. Mvuvi ana ufito mrefu wa kuvulia unaopita kote mpaka upande wa pili wa njia kila anapourudisha nyuma. Msubiri amalize, huwa hachukui hata nusu dakika. Na mabata bukini wana watoto majira ya kuchipua, usibishane nao.

Njia yenyewe ni hii. Kutoka Mile End fuata mfereji wa Regent's kuelekea kaskazini. Ukikaribia Victoria Park utakuta mfereji mwingine unachepuka kulia, huo ni Hertford Union, uliofunguliwa mwaka 1830, kifupi tu cha kilomita 2 chenye loki tatu. Unapita ubavuni mwa bustani na kukutoa Hackney Wick, kwenye mto Lee. Mto huo uligeuzwa kuwa njia ya boti zamani sana, hivyo nao una njia ya kando kama mfereji. Pinda kaskazini, uuache uwanja wa Olimpiki wa 2012 nyuma yako, upite kando ya viwanja vya mpira vya Hackney Marshes mpaka Lea Bridge. Ukitaka vibao, tafuta namba 1 kwenye kibandiko chekundu: hiyo ndiyo njia ya kitaifa ya baiskeli nambari 1, na sehemu kubwa ya kipande hiki imo ndani yake.

Pale Lea Bridge una hiari mbili. Ukiendelea moja kwa moja na mto, njia inaendelea kuwa tambarare kupita Walthamstow Marshes, Tottenham, Ponders End na Enfield Lock hadi Waltham Abbey. Ni matembezi mazuri ya familia na siyadharau. Pale Walthamstow Marshes, chini ya matao ya reli, ndipo A. V. Roe alipoifanyia kazi ndege yake ya mabawa matatu mwaka 1909 na kuirusha, ikiwa na injini ya Kiingereza. Na Enfield Lock ndiko kulikokuwa na kiwanda cha serikali cha bunduki, kilikotoka jina la Enfield kwenye zile bunduki ambazo askari wa KAR, babu zetu, walizibeba mpaka Burma. Lakini huku ukienda utarudi umechoka makalio tu, shokapu zako hazijafanya kazi yoyote.

Hiari ya pili ndiyo unayoitaka. Pale Lea Bridge toka kwenye mto, panda barabarani, pinda mashariki. Barabara ya Lea Bridge Road ina njia ya baiskeli iliyotengwa na magari kwa ukingo wa zege, moja ya nzuri za mashariki mwa London, inayokupeleka mpaka Whipps Cross. Hapo mbele yako pana mabwawa yanayoitwa Hollow Ponds, na miti nyuma yake. Watu wengi hudhani Epping Forest inaanza huko mbali Essex. Hapo ulipo tayari umo ndani yake.

Simama kidogo hapo bwawani. Kuna kazi ndogo ya matairi, na ndiyo itakayoamua kama siku yako itakuwa tamu au chungu.

Mjini na mferejini unataka matairi magumu kiasi. Kwa mtu wa kilo 70 na kitu, mwenye matairi ya inchi 2.2 yenye tyubu, presha ya psi 38 hadi 40 inaenda vizuri na baiskeli haivuti. Ukiingia msituni na presha hiyo, gurudumu litadunda juu ya kila mzizi na mikono itakufa ganzi kabla hujafika popote. Toa upepo mpaka 28 hivi. Huna kipimo? Bonyeza tairi kwa kidole gumba ukiwa na uzito wako juu yake: liingie kidogo, lisizame. Usiende chini zaidi ya hapo ukiwa na tyubu. Tairi likiwa laini mno, mzizi unaibana tyubu kwenye rimu na kuitoboa matundu mawili yaliyokaa sambamba. Ukiitoa tyubu ukaona matundu mawili namna hiyo, usihangaike kutafuta mwiba, ni presha tu. Tundu moja, basi tafuta mwiba, na uutafute kweli kwa kupitisha kidole taratibu ndani ya tairi, maana huku wakipunguza ua wakati wa vuli njia zote hujaa miba midogo migumu. Waendeshaji wengi wameshahamia tairi za tyublesi zenye maji ya kuzibia pancha ndani. Ni nzuri, ila si lazima kwako sasa. Tyubu ya akiba, viopoo viwili vya kung'olea tairi na pampu ndogo vinatosha.

Shokapu zako huenda zina kitufe cha kuzifunga juu ya mguu wa kulia wa uma, ile panda inayoshika gurudumu la mbele. Mferejini zifunge, msituni zifungue. Na kwa kuwa baiskeli ni ya mitumba, kabla ya yote mpelekee fundi atazame mambo matatu: pedi za breki, cheni kama imevutika, na beringi za uma kama zinacheza. Njia yako ya kulipima hilo la mwisho: shika breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma, ukisikia "tok, tok" mkononi, ndilo hilo. Gia zinazorukaruka zinavumilika. Breki, hapana.

Turudi msituni. Epping una eneo la hekta 2,400 hivi, mwembamba na mrefu, kuanzia Wanstead na Leytonstone mpaka karibu na mji wa Epping wenyewe. Karne ya 19 wenye ardhi walikuwa wanauzungushia ua kipande kwa kipande. Wanakijiji wa Loughton walikuwa na haki ya kale ya kukata matawi ya kuni wakati wa baridi, na mwaka 1866 baadhi yao walifungwa kwa kuitumia. Kelele zikawa kubwa, manispaa ya City of London ikaingilia kati mahakamani, na mwaka 1878 ikatoka sheria iliyoukabidhi msitu kwa manispaa hiyo ili uwe wa watu kupumzikia. Aliyeifuatilia vita ya Wangari Maathai juu ya Karura mwaka 1999 anakijua kisa hiki bila kuhadithiwa.

Sikukusimulia hayo kwa kupenda historia tu. Ile kata-kata ya matawi ndiyo iliyoupa msitu umbo lake. Mti ukikatwa juu ya kimo cha mifugo kila baada ya miaka kadhaa, shina linanenepa na kuishi miaka mingi, na kichwa kinatoa matawi kama vidole. Iko maelfu kwa maelfu ya namna hiyo, mingi ya aina ya bichi. Na bichi ina mizizi inayotambaa juu ya ardhi, laini, mviringo, isiyo na gome la kukwaruza. Ikilowa huwa kama imepakwa mafuta.

Namna ya kuivuka ni kinyume cha vile mwili unavyotaka. Mwili unataka kukaa, kushika breki na kukwepa pembeni. Wewe simama juu ya pedali, zote mbili zikae usawa mmoja, viwiko na magoti yalegee, macho yatazame mbele ya mzizi badala ya mzizi wenyewe. Punguza mwendo kabla, halafu ukiwa juu ya mizizi achia breki na usikanyage kwa nguvu. Ivuke kwa pembe mraba. Ukikosea ukaenda sambamba na mzizi uliolowa, gurudumu la mbele litateleza juu yake na huna muda wa kusema lolote. Anza na mizizi mikavu siku ya jua, rudia palepale, mpaka mwili uache kubisha.

Kuhusu ruhusa ya msituni: baiskeli zinaruhusiwa karibu kote, ila zipo sehemu zilizokatazwa kwa vibao. Muhimu zaidi ni Loughton Camp na Ambresbury Banks. Ukipita haraka utaona matuta ya udongo tu, tena matamu kwa kurukia, na ndiyo maana nakuonya. Ni ngome zilizojengwa kabla Warumi hawajafika kisiwani hapa, umri wake unapita miaka 2,000, na tairi moja kwenye mvua linakata mfereji ambao mvua ijayo itaukuza. Kuchimba au kujenga vituta vya kurukia nako kumekatazwa msitu mzima.

Kutoka Whipps Cross msitu unaenda kaskazini kama ukanda mwembamba, ukikatwa na barabara kuu mara kadhaa. Kwenye kila barabara shuka, vuka kwa miguu, panda tena. Ukifika Chingford ukanda unafunguka. Utaona nyumba nyeupe ya mbao juu ya kilima, Queen Elizabeth's Hunting Lodge, ambayo licha ya jina hilo Mfalme Henry VIII ndiye aliyeijengesha mwaka 1543 ili atazame uwindaji kutoka juu. Toka hapo fuata Green Ride, njia pana inayopita karibu na bwawa la Connaught Water na kuingia kwenye miti mikubwa. Kutoka Mile End mpaka Chingford ni karibu kilomita 18. Kutoka Chingford mpaka High Beach ni kama 5 nyingine, nazo za kupanda na kushuka. High Beach iko mita 100 na ushei tu juu ya usawa wa bahari. Kwa mtu aliyezoea kuiona Usambara dirishani ni kichekesho, nakubali, lakini mapaja hayatacheka. Pale juu kuna kibanda cha chai kinachopendwa na waendesha baiskeli na pikipiki. Chai ya moto, mikate minono. Hiliki usiulize.

Njiani utakutana na farasi. Kengele iache, farasi haijui kengele. Sema kwa sauti ya kawaida, "good morning" inatosha, ili mnyama atambue kwamba hicho kinachokuja nyuma yake ni mtu. Subiri mpandaji akujibu, pita mbali naye, polepole. Utakutana pia na ng'ombe wa pembe ndefu wamevaa kola za mtambo: hawana ua wa waya, kola ndiyo inayowatambua walipo kwa setilaiti na kuwalilia wakikaribia mpaka. Ni wapole. Wapite kama unavyopita ng'ombe yeyote, usiingie kati ya mama na ndama.

Msimu nao una neno. Udongo wa Epping kwa sehemu kubwa ni mfinyanzi. Novemba mpaka Machi unakuwa ugali: unaganda kwenye matairi, unaziba uma, na njia nyembamba zinapanuka kwa sababu kila mtu anakwepa dimbwi kwa pembeni. Wapo wanaosema ndiyo raha yenyewe. Mimi nasema miezi hiyo baki kwenye njia pana zilizomwagwa kokoto, na njia nyembamba ziachie zipumue. Mei mpaka Septemba ndio wakati wako.

Mafunzo kabla ya msitu? Yapo, tena njiani. Lee Valley VeloPark, pale kwenye bustani ya Olimpiki, ina njia za baiskeli ya milimani zenye urefu wa kilomita 8 kwa jumla, zimepangwa kwa rangi: buluu kwa wanaoanza, nyekundu kwa waliozoea, nyeusi kwa wenye roho ngumu. Unalipia na unaweka nafasi kabla. Kwako ningeenda huko kwanza, kwenye buluu, kabla ya kuonana na mizizi ya bichi. Hapo ukianguka pana watu, na kona zimejengwa kwa ajili ya kujifunza. Ikishakukolea, siku nyingine kuna Hadleigh Park, huko Essex, palipofanyika mashindano ya baiskeli za milimani ya Olimpiki ya 2012 na ambapo leo mtu yeyote anaweza kuendesha. Lakini hiyo iwe baadaye.

Umeuliza usalama, nami sitakudanganya kwamba hakuna neno. Kando ya mfereji mchana, hasa wikiendi, kumejaa watu na hakuna cha kuogopa zaidi ya madaraja niliyoyasema. Usiku ni habari nyingine: sehemu nyingi hazina taa, njia za kutokea ziko mbalimbali, na wezi wa simu na wa baiskeli wanalijua hilo. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni, kwa hiyo anza asubuhi. Simu iwe mfukoni wenye zipu, usiifunge kwenye usukani. Giza likikukuta, panda barabarani, na uwe na taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma, ambazo kisheria ni lazima. Ipige picha baiskeli yako, andika namba iliyochongwa chini ya fremu, uisajili BikeRegister, daftari la baiskeli la mtandaoni. Polisi wakiikamata kwa mwizi ndipo wanapoangalia. Na ukinywa chai High Beach, ikae mbele ya macho yako hata kama ina kufuli.

Kwenda peke yako kunawezekana, ila mwanzoni ningetafuta kundi. Kuna JoyRiders, waliochipukia hukohuko Waltham Forest, wanaoandaa safari za wanawake zenye kiongozi, na akina dada wenye hijabu ni wengi humo. Hutakuwa kioja kwa mtu. Kuhusu kofia ngumu, mtandio mzito wenye pini chini yake haufai: kofia inakaa juu juu, na siku ya kuanguka inateleza nyuma. Vaa ile ya ndani ya kitambaa chepesi kinachovutika, isiyo na fundo kisogoni, kisha kaza kofia upya juu yake, maana kipimo ulichokaza bila hijabu si hicho. Nguo ya juu ndefu si tatizo mpaka ifike kwenye magoti. Kutoka hapo kuna cheni upande mmoja na pua ya kiti nyuma, na ukisimama juu ya pedali ile pua inaidaka nguo unapotaka kukaa. Kanzu fupi yenye mpasuo pembeni, na suruali iliyobana kifundo cha mguu wa kulia, yatosha.

Mambo mawili ya afya. Maji ya mfereji yana mkojo wa panya, na ugonjwa wa leptospirosi hupitia kwenye mchubuko. Funika vidonda kabla ya kutoka, na ukinawa mikono kabla ya kula umemaliza. Ukidumbukia, kisha baada ya siku kadhaa ukapata homa na maumivu ya misuli, mwambie daktari waziwazi kuwa ulianguka mferejini, kwa sababu bila hilo atadhani mafua. Msituni kuna kupe. Ukifika nyumbani jikague nyuma ya magoti, kiunoni na kwenye pindo la nywele. Ukimkuta, mtoe kwa kikoleo chembamba ukimshika karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja bila kumkamua tumbo. Wekundu unaotanuka kama duara wiki zinazofuata ni wa kupeleka kwa daktari.

Mwisho, kurudi. Usijilazimishe kwenda na kurudi siku ya kwanza. Ningekushauri hata ugeuze mambo: panda treni na baiskeli mpaka Chingford, ambako reli inaishia hatua chache tu kutoka uwandani, uchezee msitu ukiwa na nguvu, kisha kama miguu bado inataka urudi kwa Lea Bridge na mfereji. Isipotaka, treni hiyohiyo inakurudisha mpaka Bethnal Green, na kutoka hapo kwako ni kama kilomita 2. Siku za kazi, baiskeli isiyokunjika haikubaliwi ndani ya treni hizo saa za msongamano, asubuhi na jioni, kwa hiyo ukienda katikati ya wiki panda baada ya saa tatu na nusu asubuhi na urudi kabla ya saa kumi. Kama umechoka ukiwa Loughton au Epping, reli ya chini ya ardhi ya Central inachukua baiskeli nje ya saa hizo, lakini kwa sehemu inayoenda juu ya ardhi tu. Leyton ndiyo ya kushukia, halafu unamalizia kwa pedali.